Michoro na Maelezo ya Kiufundi katika Mikataba ya Ujenzi

Katika tafsiri za mikataba ya ujenzi, neno "vipimo" limebebeshwa mizigo miwili. Hutumika kwa urefu, upana na kimo vinavyoandikwa katika michoro. Hutumika pia kwa hati nyingine kabisa, inayoeleza aina ya vifaa, ubora wake na namna ya kufanya kazi. Makala haya yanakusudia kuitenganisha mizigo hiyo.

Tuchukue mfano wa darasa linalokusudiwa kujengwa katika kata ya Bagamoyo. Si Bagamoyo ya pwani, bali ile ya mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako mvua ni nyingi. Mchoro utamwonyesha fundi mahali pa ukuta, upana wa msingi na mteremko wa paa. Lakini uwiano wa saruji, mchanga na kokoto, pamoja na siku za kumwagilia zege maji, kwa kawaida huelezwa katika hati ya pili. Hati hiyo tunapendekeza iitwe "maelezo ya kiufundi". Kwa ufupi, mchoro hujibu "wapi" na "kiasi gani". Maelezo ya kiufundi hujibu "kitu gani" na "kwa namna gani".

Hati hizi hufafanuana, wala moja haitoshi bila ya nyingine. Je, zikipingana? Tuseme mchoro umeandikwa "bati geji 30", na maelezo ya kiufundi "geji 28". Namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba zaidi. Kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo. Masharti ya Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri ya mwaka 1999 huyatanguliza maelezo ya kiufundi mbele ya michoro. Mikataba mingine yaweza kupanga vinginevyo, hivyo mfasiri hana budi kukisoma kifungu chenyewe.

Sasa, kifungu hicho kikitafsiriwa "vipimo vitatangulia michoro", msomaji ataelewa nini, hali vipimo avijuavyo vimo ndani ya michoro hiyohiyo? Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania. Utata huo waweza kumfikia hakimu.

Kwa hiyo tunapendekeza "vipimo" libaki kwa urefu, upana na kimo; "maelezo ya kiufundi" litumike kwa hati ya vifaa na ubora; na "ramani", ingawa mafundi wamelizoea, lisichanganywe na "michoro" katika mkataba mmoja.