Mataa Zifuate Biti: Mugithi, Lapi na Waya Moja

Sherehe za Nyeri hazijawahi kosa sauti. Ingia Kamakwa Ijumaa usiku, pitia Chaka, shuka Karatina ama panda hadi Nanyuki: spika zinapiga kifua, msee wa mugithi ako mbele solo na gitaa yake, kirindi imejipanga laini, mikono kwa mabega ya wa mbele. Sasa inua macho ucheki mataa. Nyekundu, kijani, buluu, tena nyekundu, ovyo tu. Zimeachwa zijiskizie ngoma na kale kamaiki kako ndani ya taa, na hako kamaiki hakajui tofauti ya kiki na mlevi anagonga meza akiitisha supu.

Inauma ju biti tayari iko kwa mashine. Hii staili ya gitaa solo, ile wasee kama Mike Rua walifanya ikashika kila baa ya Mlima, imesimama juu ya kinanda ama lapi: ngoma na besi ziko humo, msanii anapiga gitaa na kuimba. Hiyo lapi inajua kila kiki inaanguka saa ngapi. Mbona taa ibaki kukisia?

Rada ni hii. Mataa za steji zinaongea DMX512, lugha ilitoka 1986. Waya moja inabeba chaneli 512, kila chaneli ni namba ya 0 hadi 255. Chukua zile par za LED ziko kila ukumbi. Ukiiweka moja kwa mode ya chaneli 7, mara nyingi moja ni mwangaza, tatu ni rangi, na zingine ni za strobu na mbwembwe zake. Ya kwanza unaipa adresi 1, inayofuata 8, halafu 15, halafu 22. Cheki manyuali ya taa yako kwanza, ju kila kiwanda kina mpangilio wake.

FL Studio, yenye maprodusa wengi wa mtaa wamelelewa nayo, haiongei DMX. Inaongea MIDI, ya 1983. So unatafuta mkalimani. QLC+ ni ya bure kabisa na inafanya hiyo job fiti. Kwa Windows unaweka loopMIDI, inakutengenezea mlango wa uongo ndani ya lapi: FL inatoa noti upande huu kupitia ile chaneli yake ya MIDI Out, QLC+ inazipokea upande ule. Hakikisha namba ya poti kwa hiyo chaneli ni ileile iko kwa setingi za FL, la sivyo utakaa hapo hadi asubuhi ukilaani lapi ya wenyewe. Ukimaliza, noti moja inaita rangi ya chungwa, nyingine inaita strobu, na unazichora kwa piano roll kama vile unachora besi. Kitu moja tu: MIDI inaishia 127, DMX inafika 255. Taa ikififia polepole utaona inashuka kwa vidaraja. Acha QLC+ ifanye hiyo kufifia, wewe tuma noti ya kuanzisha tu.

Sasa hapa ndio matutoriali za majuu zinatuacha kwa mataa. Zinakufunza kuchora shoo yote kutoka dakika ya kwanza hadi mwisho. Jaribu hiyo na mugithi uone. Msanii yuko katikati ya wimbo, buda mmoja wa Mukurwe-ini anakuja na noti ya thao, anataka atajwe yeye, bibi yake na wasee wote wa meza yake. Wimbo wa dakika nne unafika kumi na mbili. Shoo yako iliisha kitambo, steji ni giza, na buda ndio anatajwa.

So usichore wimbo, chora vipande. Kipande cha kuimba, cha gitaa, cha kusalimia watu, kila kimoja kinajirudia hadi ukibadilishe. Ableton Live, ya 2001, ilijengwa kwa hiyo akili, ndio maana nadhani kwa mugithi inaishinda FL, hata kama produsa wako atanuna. Na usiseme ni vitu za wazungu: mjukuu wa mwanamuziki Joseph Kamaru wa Murang'a, mwenye jina lilelile la guka yake, ndiye KMRU, ako Berlin akicheza muziki wa kompyuta, na albamu yake Peel ya 2020 inajulikana dunia mzima.

Usicheze na adapta ya USB, ile inatoa DMX kwa lapi hadi kwa mataa. Zile za bei ya chini zinaachia lapi kazi yote ya kuhesabu saa, na lapi ikilemewa na plagini, mataa zinatetemeka. Ya bei ya juu kidogo ina chipu yake ndani. Kwa taa ya mwisho chomeka plagi yenye resista ya omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3. Bila hiyo mawimbi yanarudi kwa waya, na taa ya mwisho inaanza vituko zake. Mashine ya moshi ngoja kwanza. Moshi ya choma ya Kamakwa inaonyesha miale vizuri tu, na ni ya bure.

Noti ya kuzima zote iweke mbali kabisa, mwisho wa kushoto wa kinanda, mahali vidole haviendi. Halafu mwambie kila msee wa mbogi yako kwamba chupa haiwekwi hapo.