Tarakimu sita za simu ya mama

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa. Nasomesha watoto wa Gredi ya 4 na ya 5 mambo ya kompyuta, na kwa muda mrefu nilidhani kazi yangu ni kuwaonyesha kibodi na kipanya, basi. Msichana mmoja wa darasa langu ndiye aliyenionyesha kwamba nilianzia pasipo.

Alikuwa akicheza mchezo kwenye simu ya mamake, jioni baada ya kurudi chuoni. Mchezo wenyewe una mahali pa kuandikiana na wachezaji wengine. Mmoja akamwambia atampa almasi za bure, zile ambazo wengine huzinunua, ila ampe namba ya simu. Akampa. Kisha akaambiwa kuna meseji itaingia, amsomee tarakimu sita zilizomo. Akamsomea. Usiku ule WhatsApp ya mamake ikawa mikononi mwa mtu mwingine, na jamaa wakaanza kuombwa pesa za hospitali. Khalati yake mmoja alituma shilingi 3,000.

Lililoniumiza si pesa. Mtoto alijua siku ile ile kwamba amekosea, akanyamaza siku mbili. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Mwalimu, ningepigwa, na simu ningenyang'anywa."

Hebu nieleze hizo tarakimu, maana hata watu wazima wengi wanazitoa. WhatsApp haikujui kwa sura. Inakujua kwa namba ya simu na ile kodi inayotumwa kwa meseji. Atakayeiandika kodi kwenye simu yake ndiye atakayehesabiwa mwenyewe. Ukishaibiwa, sajili upya namba yako, utaletewa kodi mpya, na ukiiandika mwizi hutolewa papo hapo. Lakini kama mwizi ameshaweka pini yake, huenda ukangoja siku 7 kabla ya kuingia. Ndiyo maana ni afadhali wewe uwe wa kwanza kuiweka: ingia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili.

Watoto wetu hawana simu zao. WhatsApp yenyewe inataka mtu awe ametimiza miaka 13, na hawa wangu wana 10 au 11. Wanatumia simu ya mama, na humo mna M-Pesa, picha za arusi na namba za ukoo mzima. Kwa hivyo anayemfunza mtoto anailinda nyumba nzima.

Vifaa ni hadithi nyingine. Vipakatalishi tuliahidiwa kwenye kampeni za 2013, vishikwambi vikaanza kufika shuleni 2016 kwa watoto wa darasa la kwanza, na 2022 KICD ikaidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu. Mimi sivingojei. Programu naifundisha kwa birika la chai. Watoto wananiandikia hatua za kupika chai, nami nazifuata neno kwa neno. Wakiandika "tia majani", natia pakiti nzima. Wanacheka mpaka wanalia, halafu wanasahihisha: vijiko viwili, maji yakishachemka. Hapo wameshaelewa kwamba kompyuta haina akili ya kukisia, inafanya ilivyoambiwa tu.

Usalama nao naufundisha kwa kuigiza. Mimi nakuwa yule mtu wa almasi. Nawabembeleza, nawasifu, nawaomba picha, na mwisho nawaambia, "Usimwambie mama." Hapo darasa zima linatakiwa lipige kelele. Mtu mzima anayemtaka mtoto afiche jambo ndiye wa kuogopwa kuliko kirusi chochote, na kwa picha madhara yake hayarudishiki kama pesa za khalati. Namba 116 ya kuwasaidia watoto wameihifadhi kichwani. Ni bure, usiku na mchana.

Ila kazi yangu yote inavunjika mtoto akifika nyumbani akapigwa kwa kusema kweli. Wazazi wenzangu, siku mwanao akikwambia amekosea kwenye simu, meza hasira kwanza. Muulize nani, lini, na amempa nini. Usifute ule ujumbe, maana ndio ushahidi wa kwenda nao polisi. Tuna sheria ya uhalifu wa mitandaoni tangu 2018. Simu usimnyang'anye kwa sababu ya kukwambia, la sivyo mara ya pili hutaambiwa.

Mkutano wa wazazi uliopita niliomba dakika kumi nieleze haya. Tulikaa mpaka alasiri, tukiweka pini simu moja baada ya nyingine. Mzee mmoja akaniambia yeye hana shida, namba zake zote za siri ameziandika kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya simu. Tukaibandua pamoja.