Usigeuze 504 ya Guka Nganya

Kuna form imeingia mtaani: machali wanafufua pickup za Peugeot 504. Mmoja ameachiwa na guka, mwingine ameitoa ushago kwa doo kidogo sana, kuku walikuwa washaifanya keja. Hadi hapo fiti. Ngori inaanza wakifungua mlango, ju kitu ya kwanza wanawaza ni woofer chini ya kiti, taa za blue kwa dashi na reksini nyekundu mpaka kwa rufu. Manze, wacheni. Nganya inabamba ikiwa nganya. Hii ya guka inataka kurekebishwa, haijaomba kubadilishwa dini.

Na ina heshima zake. 504 ilitoka 1968, ikachorwa na wasee wa Pininfarina, na 1969 ikabeba taji la Gari la Mwaka huko Ulaya. Hapa kwetu ilishinda Safari Rally 1975, ikarudia 1978. Pickup ilikuja 1979, na Kenya tuliendelea kuziunga mpaka 2004, Ufaransa ikiwa ishaachana nayo kitambo. Ndio maana engine yake haimtishi fundi yeyote. Kenye inachapa ni ndani, ju ndani haikuwahi kuwekewa bajeti. Guka alinunua oil na tairi, akafunga hesabu.

Adui wa kwanza ni jua. Plastiki ya dashi hutiwa mafuta ya kuilainisha ikitengenezwa. Jua likiipiga kila siku kupitia kioo cha mbele, hayo mafuta yanahepa pole pole. Ule ukungu wa kuteleza unafutanga kwa kioo, upande wa ndani, unatoka hapo. Yakiisha, dashi inanywea, inakauka, inapasuka. Adui wa pili ni maji, na huyu anakulia mlangoni.

Watu wengi hawajui mlango umejengwa ukijua utanyeshewa. Maji yanapita kwa raba ya kioo, yanateremka ndani ya bati na kutokea vitundu vya chini. Hivyo vitundu vikizibwa na matope ya shags, maji yanakaa. Nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli nayo ikiwa imeraruka, ile hadibodi inakunywa maji mpaka inavimba na kuachilia klipsi. Sasa msee anabandika reksini mpya juu ya hadibodi iliyooza, halafu mvua ya Aprili ikipiga anashangaa. Zibua vitundu, kwangua kutu, weka nailoni mpya. Urembo baadaye.

Kutoa paneli kunataka utulivu. Anza na mkono wa kuzungusha kioo na kishikio, ju skrubu zake hujificha. Usichokore na bisibisi tupu. Chukua mpini wa kijiko, uufunge na kitambaa, uusukume karibu na klipsi yenyewe, utoe moja moja. Na sikia hii: paneli ikitoka imevunjika vipande, hakuna kutupa. Vilaze juu ya plaiwudi nyembamba, vipange vile vilikuwa, chora kuzunguka na penseli, tia alama kwa kila tundu. Hapo umepata ramani ambayo hata wauza spea wa Grogan hawana. Ni kweli Grogan unaweza angukia paneli imetoka kwa 504 ingine, lakini hiyo nayo imepigwa na jua lile lile, miaka ile ile.

Kwa kubandika, wengi wanaharibu ju ya haraka. Anika reksini juani kwanza ilegee. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, kwa ubao na kwa mgongo wa reksini, mahali kuna hewa, ju hiyo harufu inapanda kichwa. Halafu subiri. Gusa na kidole: ikitoka na kidole, bado; ikiwa imekauka na inang'ang'ania kidogo tu, twende kazi. Anza katikati, sukuma hewa ukielekea pembeni, kwa kona ukate vipembe vidogo ndio mkunjo ulale. Ukifunika gundi ikiwa mbichi, joto likifika inafura malengelenge.

Rangi usichague kwa simu. Chungulia chini ya kiti ama nyuma ya paneli, pahali jua halikufika. Rangi ya ukweli iko hapo, kata kakipande uende nako dukani.

Kiti mpelekee fundi, lakini umpe masharti. Afumue mishono, asikate, ndio kila kipande cha kava ya zamani kiwe kipimo cha mpya. Akague springi kabla ya sponji, ju sponji mpya juu ya springi imekatika ni doo umemwaga. Na sponji iwe ile nzito, ngumu kidogo. Ile laini ya mito ukiikalia mpaka Naivasha, utashuka mgongo ukilia.

Dashi ndio ngumu zaidi. Ufa mdogo unajazwa na filla inayonyumbulika, unapigwa msasa, unavalishwa upya. Ikiwa imepasuka kila mahali, ishonee kava ya kitambaa na ujipe taimu. Usiipake zile spray za kung'arisha zenye silikoni. Zinang'aa mpaka zinakumulika kwa kioo ukiendesha, na siku fundi akitaka kubandika kitu, gundi haitashika.

Sakafu, ng'oa kapeti yote uangalie kutu kabla ya kurudisha chochote. Ka pickup bado inabeba kabeji na mitungi ya maziwa, weka raba. Inaoshwa, inakauka, inasonga.

Lakini kuna vitu havibembelezwi: mshipi umechanika na reli ya kiti imelegea. Hizo zibadilishwe leo, hata ka mpya haifanani na ya zamani. Zile zingine zote, kwanza jiulize ka zinaweza tengenezeka. Ukipita shindano la Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, utaona majaji wakichungulia mpaka ndani ya magari ya kitambo, na luku ya kiwanda ndio inawabamba.

Basi broker akikuja akianza kukupigia bei ya skrapu, usibishane naye. Mfungulie mlango akae, aguse dashi, azungushe kioo kipande na kushuka. Ataanza kuongeza doo mwenyewe, na hapo sasa ndio umwambie haiuzwi.