Rula, Mdako na Ubongo wa Mtoto

Mwalimu wa sayansi aliye Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, anaweza kupima ushirikiano wa jicho, ubongo na mkono pasipo maabara wala umeme. Rula ya sentimeta 30 inatosha. Mwalimu huishika wima kwa ncha ya juu, naye mwanafunzi huweka kidole gumba na kidole cha shahada kwenye sifuri, bila kuigusa. Rula huachiwa pasipo onyo, mwanafunzi akaidaka.

Akiidaka kwenye sentimeta 20, zimepita takribani sekunde 0.2, kwenye sentimeta 5, sekunde 0.1. Umbali umezidi mara nne, muda mara mbili tu, kwa kuwa kitu kinachoanguka huongeza kasi kadiri kinavyoshuka. Katika muda huo mfupi habari imetoka jichoni hadi sehemu ya nyuma ya ubongo inayotambua vionekanavyo, ikafika sehemu inayoamuru misuli, kisha ikateremka kwa uti wa mgongo hadi vidoleni. Jaribio lirudiwe mara kumi na wastani uchukuliwe. Halafu mwanafunzi adake huku akitoa saba saba kutoka 100 kwa sauti. Aghalabu rula itashuka zaidi kabla hajaidaka, kwa sababu umakini wake umegawanyika.

Kwa watoto wadogo kupima ni kugumu zaidi, tena kuna uzito. Malaria ya ubongo, au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, huweza kuacha udhaifu unaojitokeza kwanza mikononi. Lakini vipimo vingi vilitungwa Ulaya na Marekani kwa watoto waliozoea penseli na picha za kuunganisha vipande. Mtoto asiyewahi kuvishika vitu hivyo hushindwa, nasi tukaandika kwamba ubongo wake umechelewa, kumbe tumepima ugeni wa kifaa.

Kosa hilo limeshughulikiwa karibu na Ileje, ng'ambo ya Mto Songwe. Nchini Malawi, Melissa Gladstone na wenzake walichapisha mwaka 2010 kipimo chenye vipengele 136, kilichojaribiwa kwa watoto zaidi ya 1,400 wa vijijini. Vipengele visivyoendana na maisha yao viliondolewa au kubadilishwa. Miaka miwili kabla, huko Kilifi, Kenya, Amina Abubakar na wenzake walikuwa wamechapisha chao, kwa watoto wa miezi 6 hadi 35.

Kwa maoni yangu, hata mdako unastahili heshima zaidi kuliko tunavyoupa. Mtoto hurusha kijiwe juu, hutoa vingine shimoni kwa mkono uleule, kisha hukidaka kabla hakijagusa ardhi. Zamu inayofuata huvirudisha vyote isipokuwa kimoja. Humo mna kukadiria muda, kuhesabu na wepesi wa vidole. Si kipimo cha tiba, kwa maana bingwa wa mdako amefanya mazoezi ya miezi mingi. Hata hivyo, mtoto aliyekuwa akiucheza vyema, kisha mkono wake ukaanza kutetemeka au kukosa shabaha, anahitaji kuonwa na mganga.

Mzazi wa mtoto mchanga naye atazame mikono yote miwili. Mtoto anayetumia mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, huku mwingine ukibaki umekunjwa ngumi, asisifiwe kuwa amewahi kuchagua mkono. Apelekwe kituo cha afya wiki hiyohiyo.