Mchezo mkongwe wa urubani wahitaji kompyuta ya aina gani?

MZAZI wa Muthangari, jijini Nairobi, ambaye mwanawe ana ndoto ya kuwa rubani hukabiliwa na gharama mbili: karo ya shule za urubani katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, na kompyuta ya kufanyia mazoezi nyumbani. Ya kwanza haikwepeki. Ya pili yaweza kupunguzwa pakubwa, mradi mnunuzi aelewe jinsi mchezo wenyewe unavyofanya kazi kabla ya kufika dukani.

Mchezo unaozungumziwa ni Microsoft Flight Simulator X, ulioingia sokoni Oktoba 2006. Kitengo cha Microsoft kilichouunda kilifungwa Januari 2009, lakini mnamo 2014 kampuni ya Dovetail Games ya Uingereza iliutoa upya kupitia duka la mtandaoni la Steam.

Matoleo ya 2020 na 2024 yana picha za kuvutia zaidi. Hata hivyo, matoleo hayo huvuta sura ya ardhi kutoka kwenye intaneti wakati mtu anapocheza. Ule mkongwe hubeba dunia yake yote ndani ya diski. Ukishawekwa kwenye mashine, mwanafunzi anaweza kuruka kutoka Wilson hadi Malindi bila kununua bando.

Kasi, si wingi

Kosa la kwanza la wanunuzi hutokea kwenye prosesa. Prosesa za kisasa zina viini vingi vinavyogawana kazi, ilhali mchezo huu ulibuniwa wakati ambapo kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na kiini kimoja. Marekebisho yaliyotolewa 2007 yaliuwezesha kutumia viini vingine kupakia sura ya ardhi, lakini sehemu kubwa ya kazi ingali inabebwa na kiini kimoja. Ni kama kusonga ugali: wapishi wanane hawawezi kushika mwiko mmoja.

Kwa sababu hiyo, katika maduka ya kompyuta zilizotumika katikati ya jiji, mashine ya ofisi yenye viini vinne vya kasi yaweza kuushinda mtambo mkubwa wenye viini kumi na viwili vya mwendo wa pole. Mnunuzi aulize mambo mawili: kasi ya prosesa kwa gigahezi, na kizazi chake. Gigahezi 3.5 za kizazi kipya hufanya kazi kubwa kuliko gigahezi 3.5 za kizazi cha zamani.

Kadi ya michoro ndiyo inayosifiwa zaidi na wauzaji, lakini kwa mchezo huu kadi ya kiwango cha kati yatosha. Isitoshe, makasha membamba ya kompyuta za ofisi hayana nafasi ya kadi ndefu, na vigawa umeme vyake ni dhaifu. Humo inafaa kadi fupi isiyohitaji waya wake wa umeme, yaani ile inayotosheka na wati 75 zinazopatikana kwenye tundu la ubao mkuu.

Mpaka wa gigabaiti nne

Kosa la pili ni kununua kumbukumbu nyingi kupita kiasi. Mchezo huu ni programu ya biti 32. Hata katika Windows ya biti 64, hauwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4. Mashine yenye gigabaiti 8 inatosha, kwani zinazobaki zitahudumia Windows yenyewe. Kuongeza hadi 32 hakutaufanya mchezo uende kasi zaidi.

Mpaka huo ndio unaoeleza kwa nini mchezo huzimika ghafla ndege inapokaribia kutua baada ya safari ndefu. Kila kiongezo, yaani programu iliyotengenezwa na watu wengine ili kuuboresha, hujitwalia sehemu ya gigabaiti hizo nne. Zikijaa, safari imekwisha, hata kama kompyuta ni ya bei ghali namna gani.

Diski isiyo na sehemu zinazozunguka hupunguza muda wa kusubiri mchezo ufunguke, lakini haiongezi wepesi wa picha ndege ikiwa angani. Kwa nyumba ambazo stima hupotea mara kwa mara, kifaa cha UPS kina faida zaidi kuliko kadi ya pili.

Viongezo vya kuchagua

Kwa mwanafunzi wa Nairobi, kiongezo cha kwanza kiwe kile cha umbo la ardhi. Vingi hutolewa bure, na hutegemea vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour mnamo Februari 2000. Humpa rubani milima ya Ngong na kingo za Bonde la Ufa zilizo karibu na umbo lake halisi.

Viwanja vya ndege na majiji vifuate baadaye. Ni kweli kwamba mchezo wa 2006 haujui moto ulioteketeza sehemu ya Uwanja wa Jomo Kenyatta Agosti 2013, wala barabara ya Expressway ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022, inayofika Westlands, karibu na Muthangari. Lakini upungufu huo haumzuii mtu kujifunza kutua.

Ndege haihitaji kununuliwa. Cessna 172, aina inayotumiwa na shule za urubani, imo ndani ya mchezo. Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Ndege huhitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kupaa kuliko ikiwa Mombasa, na rubani hulazimika kupunguza mafuta yanayochanganywa na hewa. Mwanafunzi azime mpangilio unaofanya kazi hiyo kwa niaba yake, la sivyo atajifunza kuruka katika nchi isiyo na miinuko.

Viongezo viwekwe kimoja kimoja, na kila kimoja kijaribiwe kabla ya kingine. Ni vyema pia kuhifadhi nakala ya mchezo ungali safi, na kuepuka nakala za wizi ambazo huja na virusi.

Saa zinazotumika katika mchezo huu nyumbani hazihesabiwi katika kutafuta leseni. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA) hutambua tu vifaa vya mafunzo ilivyoviidhinisha. Kompyuta humzoesha mwanafunzi vipimo, ramani na mpangilio wa hatua. Fedha atakazookoa kwa kutonunua kadi asiyoihitaji zitamfaa zaidi zikimlipia saa ya kuruka na mwalimu pale Wilson.