Mshipa Mkuu wa Tumbo na Askari Mstaafu

Askari hufundishwa kumhofu zaidi adui asiyefanya kelele. Ndivyo ulivyo uvimbe wa mshipa mkuu wa damu, ule utokao moyoni na kushuka tumboni mbele ya uti wa mgongo. Ukuta wake hulegea na kutanuka kwa miaka mingi bila maumivu, hasa kwa wanaume waliopita miaka 65 waliovuta sigara. Na ni wastaafu wangapi wa jeshi na polisi waliojifunzia sigara wakiwa zamu?

Mshipa huo ukipasuka, wengi hufa kabla ya kufika hospitali. Mzee wa Buhehe, katika Busia ya Uganda, yuko takriban kilomita 200 kutoka Kampala. Avujaye damu tumboni hawezi kuingoja safari hiyo.

Zamani tiba ilikuwa moja: kulipasua tumbo na kushona bomba la kitambaa mahali palipoharibika. Mwaka 1990, mjini Buenos Aires, daktari Juan Parodi alilipitisha bomba hilo, likiwa limekunjwa ndani ya mpira mwembamba, katika mshipa wa kinena hadi tumboni, na huko likafunguliwa likashikwa na vyuma vyake. Damu hupita ndani ya bomba, na ukuta uliolegea hupumzika. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2004, kwa wagonjwa walioweza kustahimili njia zote mbili, ulionyesha kuwa waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 1.7, dhidi ya 4.7 ya waliopasuliwa.

Lakini tusidanganyane. Faida hiyo ilififia kadiri miaka ilivyopita, kwani bomba huweza kusogea au kuvuja. Kwa hiyo mgonjwa hupigwa picha mara kwa mara maisha yake yote. Kwa mkaazi wa mji mkuu hilo ni jambo dogo. Kwa mstaafu wa Buhehe nauli ya safari hizo ni sehemu ya matibabu, na daktari aelezwe hivyo kabla njia haijachaguliwa.

Si kila uvimbe unaohitaji kisu. Kwa wanaume, matibabu hayo hufikiriwa kwa kawaida upana unapofika sentimita 5.5. Chini ya hapo mgonjwa hufuatiliwa kwa ultrasaundi, mashine ileile iwapimayo wajawazito, isiyotoboa wala kuumiza. Mstaafu aliyevuta sigara, au ambaye nduguye aliugua hivyo, na akiombe kipimo hicho. Na mzee wa namna hiyo akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo, pamoja na kizunguzungu, asipewe vidonge vya dukani akaambiwa angoje asubuhi.