Mti wa Jangwani na Mche wa Mkarafuu

Wanachama wenzetu, kaskazi ikivuma baada ya vuli haba, huja wakati wa kuzunguka shambani na kuhesabu miche iliyokauka. Wengi wetu husema, "Mvua haikuja," kisha hatuongezi neno. Ni kweli, lakini si yote. Ziko nchi ambazo hukaa miezi mingi bila mvua, na mimea yake huishi. Tumeona yafaa tuwaeleze habari za mmoja, kwani una jambo la kutufunza.

Katika jangwa la Sonora, lililoko Marekani katika jimbo la Arizona na kuendelea mpaka Meksiko, huota mmea wa jamaa ya dungusi uitwao saguaro. Waweza kufika mita 12 kwenda juu na kuishi miaka 150. Hauna majani, una miiba tu. Shina lake la kijani ndilo lifanyalo kazi ya majani. Shina hilo lina mikunjo: mvua ikinyesha hutanuka likajaa maji, na ukavu ukizidi hunywea. Mizizi yake mingi haizami sana, bali hutambaa mbali karibu na uso wa ardhi, ipate kunywa hata mvua ndogo. Tena, mimea iliyo mingi hufungua vitundu vyake vya hewa mchana. Huu hufungua usiku, jua likiwa limekwisha kutua, ili maji yasipotee bure.

Basi mtu atadhani mmea wa namna hii huota popote. Sivyo. Mche wa saguaro ni dhaifu mno. Ukitimiza miaka 8 huenda usifike hata sentimita 5. Ukiota peupe, mara nyingi hufa. Inayookoka kwa kawaida ni ile iliyoota chini ya mti mwingine, unaoikinga na jua la mchana na baridi ya usiku. Wataalamu huuita mti huo mlezi.

Hapo ndipo panapotuhusu. Mkarafuu hauna ghala ya maji shinani. Ikiwa saguaro, pamoja na silaha zake zote, hauvuki utoto wake bila kivuli, je, mche wetu tuutoao kitaluni na kuuacha peke yake juani?

Kwa hiyo twawakumbusha: kila mche upate mlezi, kama vile mgomba, lakini usiwe karibu mno ukashindania maji. Shina lizungushiwe majani makavu, yasiliguse. Jembe lisichimbe kwa kina karibu na shina, maana mizizi ya mkarafuu inayotafuta chakula iko juu juu. Mche ukipata nguvu, kivuli kipunguzwe kidogo kidogo.

Kuleta mvua hatuwezi. Kuutilia mche kivuli twaweza, na kazi hiyo ifanywe kabla kaskazi haijaingia.